Mabadiliko ya mfumo wa fueli wa MV Liemba

MV Liemba ni meli ya abiria na mizigo ya Ziwa Tanganyika iliyoanza kazi kwa injini za mvuke na kubadilishwa kuwa meli ya dizeli katika miaka ya 1970. Mabadiliko hayo hayakuishia kwenye injini. Njia yote ya fueli, kuanzia mahali inapopatikana hadi inapochomwa, ilibadilika pia.

== Historia ya injini za kwanza ==
Meli ilijengwa mwaka 1913 na kampuni ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Goetzen. Baadaye ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha takriban 5,000 na kupelekwa Dar es Salaam. Kutoka huko makasha yalisafirishwa kwa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Meli iliunganishwa upya na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Mwezi Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe na adui. Kabla ya kuizamisha walipaka injini grisi nyingi. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta injini zinafaa kutengenezwa. Ilirudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na injini za mvuke ziliendelea kutumika hadi miaka ya 1970.

== Kutoka mvuke hadi dizeli ==
Katika meli ya mvuke, fueli haiingii ndani ya injini. Huchomwa chini ya boila, maji huchemka, na mvuke ndio unaosukuma pistoni. Boila za Goetzen zilichoma kuni, ambazo zilikatwa katika misitu ya nchi kavu na kupakiwa bandarini. Wapakia moto walihitajika muda wote wa safari.

Injini ya dizeli haina boila. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda mpaka joto lake lizidi nyuzi 500 za selsiasi, kisha dizeli hupulizwa humo kama ukungu na kuwaka yenyewe. Kilo moja ya dizeli ina nishati ya takriban megajuli 43, wakati kilo ya kuni kavu ina takriban 15. Zaidi ya hayo, injini ya dizeli hugeuza sehemu kubwa zaidi ya nishati hiyo kuwa mwendo. Kwa hiyo meli hubeba fueli kidogo na kupata nafasi zaidi ya mizigo.

== Sehemu za mfumo wa dizeli ==
Mfumo wa kawaida wa injini ya dizeli ya meli una sehemu zifuatazo:
* Tangi kuu, na tangi dogo la matumizi ya kila siku.
* Chujio na kitenganishi cha maji.
* Pampu ya kuvuta dizeli kutoka tangini.
* Pampu ya nozeli, inayopima kiasi cha dizeli na kuisukuma kwa shinikizo kubwa.
* Mabomba ya shinikizo na nozeli, moja au zaidi kwa kila silinda.
* Bomba la kurudisha dizeli iliyobaki tangini.

Mafundi wanapobadilisha pampu au nozeli hulazimika kuzilinganisha na injini yenyewe. Nozeli isiyopuliza vizuri huacha matone yasiyoungua; meli hutoa moshi mweusi na kula dizeli nyingi. Pampu ikisukuma dizeli mapema au kwa kuchelewa, injini hugonga au hupoteza nguvu. Baada ya kazi hiyo hewa yote hutolewa katika mabomba, kwa sababu hewa hugandamizika na kuzuia shinikizo kufika kwenye nozeli.

== Usalama ==
Bomba la shinikizo likipasuka, dizeli inaweza kurukia sehemu yenye joto kali kama bomba la moshi na kuwaka. Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka mabomba hayo yawe na ganda la nje, na sehemu zenye joto la zaidi ya nyuzi 220 zifunikwe. Matangi makubwa huwekewa valvu zinazoweza kufungwa kutoka nje ya chumba cha injini, ili moto usiendelee kulishwa.

== Reli na upatikanaji wa fueli ==
Kuni zilipatikana katika nchi zinazozunguka ziwa, lakini dizeli hutoka ng'ambo kupitia pwani. Husafirishwa kwa barabara au kwa Reli ya Kati, ambayo kwa sehemu kubwa inafuata njia ya zamani ya misafara kutoka pwani kwenda Ujiji. Mizigo ya reli inayotoka Dar es Salaam kwenda Kigoma hupita Igalula, stesheni ya wilaya ya Uyui, kabla ya kufika Tabora na kuendelea magharibi. Makasha ya Goetzen yalipita njia hiyohiyo. Mafuriko ya eneo la Kilosa yamewahi kukata reli hii, na hali kama hiyo huchelewesha mizigo yote ya Kigoma, vikiwemo vipuri vizito vya meli.

== Umuhimu ==
Liemba ilisafiri kati ya Kigoma na Mpulungu nchini Zambia, ikisimama karibu na vijiji vingi visivyo na gati. Huko abiria na mizigo, kama dagaa na mahindi, vililetwa kwa mitumbwi hadi ubavuni mwa meli. Mwezi Mei 2015 ilisafirisha maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, kijiji kilichozingirwa na milima, hadi Kigoma. Injini zake zinaposimama, wakazi wa mwambao hubaki na maboti madogo, ambayo ni hatari zaidi ziwa linapochafuka. Ndiyo maana matengenezo ya injini na mfumo wa fueli ni suala la maisha kwa watu hao.