Mwinjilisti wa vijana: wito na kazi yake

Waefeso 4:11 yamtaja mwinjilisti pamoja na mitume, manabii, wachungaji na walimu. Agano Jipya linamwita mtu mmoja tu kwa jina hilo: Filipo (Matendo 21:8). Huyo alipanda gari la Mwethiopia, akaketi naye, akaanzia kwenye swali la msafiri mwenyewe.

Kwetu Ituri tunaye Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika Boga mwaka 1896. Dada ya Chifu Tabaro alipokufa kwa ajali ya mkuki, Apolo alilaumiwa, akafungwa, akapelekwa Fort Portal. Alipoachiliwa alirudi kwa watu walewale, na baadaye Tabaro mwenyewe akaamini. Vijana wa Boga aliowafundisha kusoma wakawa walimu wa vijiji vingine. Alifia hukohuko mwaka 1933.

Hapa Bunia vijana wako kwenye vituo vya pikipiki, machimbo ya dhahabu na kambi za waliokimbia vita. Wengine wameshika silaha. Mkutano mkubwa wenye vipaza sauti hukusanya wengi siku tatu. Siku ya nne nani anabaki nao? Na kabla ya kusikia Neno, kijana hutaka kujua mhubiri ni wa kabila gani. Kwa hiyo mwinjilisti aonekane kwenye matanga ya pande zote, akae na aliyetoka msituni bila kumwuliza kwanza ukoo wake.

Kamati ya parokia inayomtuma, nayo impe nauli. Mara nyingi tunampa maombi tu.