Vigari, Mahema na Mlango wa Kufunga

Watu hupenda kuanza hadithi ya nyumba ndogondogo za Marekani na picha za Instagram: kitanda juu, jiko chini, paka dirishani. Mimi huianzia Portland, jimbo la Oregon, Desemba 2000, kwa watu wachache wasio na makao waliopiga mahema kwenye ardhi ya umma na kukataa kuondoka kimyakimya.

Kupiga kambi pale kulikuwa kosa. Sisi tuna kanjo. Wao walikuwa na polisi. Walipofukuzwa hawakutawanyika. Walipakia kila kitu kwenye vigari vya supamaketi, wakavisukuma barabarani kwa msafara, mchana kweupe, mpaka kiwanja kingine. Kisha kingine. Ukimwona mtu mmoja na kigari chake unageuza uso. Msafara mzima utaugeuzia uso vipi?

Mwaka 2001 jiji likawapa Sunderland Yard, karibu na uwanja wa ndege, jirani na mahali ambapo majani ya jiji huozeshwa kuwa mboji. Yaani mbali na kila kitu. Chini ni lami, kwa hivyo mboga zilipandwa kwenye masanduku. Lakini hapo ndipo mahema yalipogeuka vibanda vya mbao, wenyewe wakipigilia misumari. Kijiji kikaitwa Dignity Village, kikachagua baraza lake na kuweka masharti: hakuna fujo, hakuna wizi, hakuna pombe wala dawa za kulevya pale ndani, na kila mtu atoe mkono.

Wengine wakafuata. Kule Olympia, jimbo la Washington, kambi ya mahema iliyoanza 2007 ilifikia kuwa Quixote Village mwaka 2013: nyumba 30, kila moja futi 144 za mraba, choo ndani, jiko kubwa la pamoja. Keja ya Nairobi ya futi kumi kwa kumi ni 100, na choo ni cha ploti nzima, kwa hivyo udogo hautushangazi. Nadhani ujanja wote ulikuwa kufuli. Anayelala nje hubeba maisha yake mgongoni. Ataendaje kuomba kazi na blanketi kwapani? Ukiwa na mlango, unaacha vitu, unatoka.

Ila jiji la Portland lilitaka kituo cha kupitia tu. Mkataba wa baadaye uliweka kikomo cha miaka miwili, na watu waliojijengea kwao wakaambiwa wao ni wapita njia.