Rwanda na Congo zikipatana, Burundi inasimama wapi?

Makubaliano ya amani yaliyosainiwa Washington tarehe 27 Juni 2025 na mawaziri wa mambo ya nje wa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo yana pande mbili tu. Marais Paul Kagame na Félix Tshisekedi waliyathibitisha mjini humo tarehe 4 Desemba. Rais wa Burundi, Évariste Ndayishimiye, alihudhuria hafla hiyo akiwa mgeni, ingawa wanajeshi wake walikuwa wakipigana Kivu Kusini bega kwa bega na jeshi la Congo.

Wanajeshi hao wamekuwa huko tangu mwaka 2022, kwa mapatano ya kijeshi kati ya Bujumbura na Kinshasa. Adui wao wa awali ni RED-Tabara, kundi la waasi wa Burundi lenye ngome katika jimbo hilo. Baada ya shambulio la Vugizo la tarehe 22 Desemba 2023, ambalo serikali ilisema liliua watu 20, Burundi iliishutumu Rwanda kwa kuwasaidia waasi hao. Kigali ilikanusha. Tarehe 11 Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kiini cha makubaliano ya Washington ni kuliangamiza kundi la FDLR, ambalo Rwanda inaliona tishio, na Rwanda kuondoa kile inachokiita hatua zake za kujihami. Dai la Burundi kuhusu RED-Tabara, ambalo kwa Bujumbura ni zito kama lile la FDLR kwa Kigali, halimo katika mizani hiyo. Kinshasa ikipatana na Kigali, haja yake ya kuwa na askari wa Burundi itapungua, huku ugomvi wa Bujumbura na Kigali ukibaki palepale.

Mapatano yakivunjika, hatari ni kubwa zaidi. Siku sita tu baada ya hafla ya Desemba, waasi wa M23 waliingia Uvira, mji ulio chini ya kilomita 30 kutoka Bujumbura, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Burundi. M23 ilitangaza kujiondoa kwa ombi la Marekani. Kwa maneno mengine, usalama wa mlango wa magharibi wa Burundi ulijadiliwa na mataifa mengine.

Njia iliyobaki ni Bujumbura kuzungumza na Kigali moja kwa moja. Maafisa wa nchi hizo mbili walikutana mwaka 2025, lakini mwaka huo uliisha mpaka ukiwa bado umefungwa.