Mtu Mmoja, Majina Matano

Mke wangu anao mkebe wa biskuti wa zamani ambamo huhifadhi karatasi zake za biashara. Juzi nilikuwa natafuta stakabadhi ya kodi ya kiwanja, nikaufungua kwa idhini yake, na nikajikuta nimekaa nao asubuhi nzima. Mlikuwa na leseni ya nguvu kazi iliyochakaa, kitabu cha akiba cha benki, kadi ya marejesho ya kila wiki, na kitambulisho cha mjasiriamali mdogo. Karatasi zote zilikuwa za mtu mmoja, na kazi yake ilikuwa ileile miaka yote: kununua upande mmoja wa mpaka na kuuza upande wa pili. Lakini kila karatasi ilimwita kwa jina jingine.

Katika miaka yangu ya ualimu nilizoea kufundisha historia kwa kufuata watawala na vita. Asubuhi ile niliona kwamba historia ya mchuuzi mdogo wa nchi yetu, pamoja na ya vyombo vilivyoundwa ili kumsaidia, yaweza kufundishwa kwa kufuata majina aliyopewa. Maana ofisi ya msaada mara nyingi haimtazami mtu, hutazama jina lake. Mwenye jina linalofaa hufunguliwa mlango. Asiyekuwa nalo huambiwa arudi kesho.

Tunduma niliyoikuta nilipotoka chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa mji mdogo wa mpakani katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe tulionao leo ulizaliwa mwaka 2016. Hata hivyo mji ule mdogo ulikuwa umekwisha kushikwa na mambo makubwa. Rhodesia ya walowezi ilipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini, na njia hiyo ikapita kwetu. Barabara kuu ikatengenezwa, malori yakaongezeka, kisha ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Pale malori yaliposimama, watu walitaka chakula, sabuni na mahali pa kulala. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, walikuwepo Wanyamwanga, ndugu wa damu wa Wanyamwanga wa upande wetu. Biashara haikuhitaji kufundishwa na mtu.

Serikali nayo haikuwa imelala. Mwaka 1973 Bunge lilitunga sheria iliyoanzisha SIDO, yaani Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo. Lilikuwa shirika jema, na hadi leo lipo. Liliwapatia mafundi mashine kwa mkopo, likajenga mitaa ya viwanda mikoani, na kwa msaada wa Sweden likaunganisha karakana zetu na viwanda vidogo vya huko. Lakini lilikuwa shirika la mtengenezaji: seremala, mhunzi, mshona viatu. Mke wangu hakutengeneza kitu. Alinunua na kuuza. Kwa fikra za wakati ule, ambazo nami nilizifundisha darasani kwa moyo wote, anayetengeneza alikuwa mjenzi wa taifa, na anayeuza alitiliwa shaka. Isitoshe, ofisi ya SIDO ilikuwa Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwetu.

Mwaka 1976 shaka hiyo iligeuka kuwa amri. Ilikuja Operesheni Maduka, iliyokusudia kufunga maduka ya watu binafsi ili mahali pake pawe na maduka ya vijiji. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, wakulima wa kahawa wa Mbozi wakabaki bila chombo chao wenyewe. Ushirika ulikuja kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini imani ikivunjika hairudishwi kwa sheria.

Sasa nafika mahali ambapo mkebe hauna karatasi yoyote, na ambapo mimi mwenyewe ni mshitakiwa.

Mwishoni mwa Machi 1983 ilitangazwa vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine. Nchi ilikuwa imekaukiwa. Vita vya Uganda vilikuwa vimetugharimu, mafuta yalikuwa yamepanda bei, na sukari ilikuwa ya foleni. Walikuwepo walanguzi wakubwa waliojaza maghala huku watu wakihangaika, na hao sina machozi nao. Lakini wavu wenye matundu madogo huvua hata dagaa. Ilitungwa sheria maalumu, likaundwa baraza la kusikiliza mashauri hayo, na watu nchini kote wakaanza kutupa mali zao mitoni na vichakani usiku, wakihofia kukutwa nazo.

Nilikuwa mwalimu mkuu kijana, bado sijafika miaka thelathini na mitano. Asubuhi moja niliwasimamisha wanafunzi mstarini nikawaeleza maana ya neno mlanguzi. Nilieleza vizuri mno. Niliporudi nyumbani mchana, mke wangu hakuniandalia chakula. Alikuwa amekaa mlangoni.

"Mwalimu," aliniambia, "leo umenitangaza mbele ya watoto."

Chini ya kitanda chetu palikuwa na katoni tatu za sabuni na nusu gunia la sukari kutoka Nakonde. Hizo ndizo zilizokuwa zikiongeza mshahara wangu usiotosha nusu ya mwezi. Nilijua, na nilikuwa nakula. Usiku ule nilimlazimisha tuitupe sukari yote chooni na kuzika sabuni nyuma ya banda la kuku. Alibeba bila kusema neno. Mvua zilinyesha siku mbili mfululizo, na tulipoifukua ile sabuni ilikuwa tope. Mtaji wa miaka minne ulikwisha kwa mikono yangu, kwa sababu niliogopa jina.

Ndugu msomaji, mwaka uleule wa 1983, mwezi Oktoba, nchini Bangladesh mradi alioanza Profesa Muhammad Yunus mwaka 1976, wa kuwakopesha wachuuzi mafukara, wengi wao wanawake, uligeuzwa kwa sheria kuwa Benki ya Grameen. Mimi niliyajua hayo miaka mingi baadaye. Lakini kila ninapoukumbuka mwaka ule, naweka nchi mbili maskini ubavuni mwa kila moja: moja ikimtafuta mchuuzi ili imkopeshe, nyingine ikimtafuta ili imshitaki.

Nani basi alimwinua mke wangu? Benki haikuweza. Tangu kutaifishwa kwa mabenki mwaka 1967, Tanzania Bara ilikuwa na benki moja ya biashara, NBC, nayo haikumjua mwanamke asiye na dhamana. Aliinuliwa na upatu. Wanawake kumi walikuwa wakichanga shilingi ishirini kila Jumamosi na kumpa mmoja kwa zamu. Zamu yake ilikuwa ya nane. Waliposikia kilichotokea, hawakuuliza maswali. Walimvusha akawa wa kwanza. Hicho ndicho chombo cha kwanza cha kuwasaidia wafanyabiashara wadogo nilichokiona kikifanya kazi Tunduma, na hakikuwa na ofisi, muhuri wala katiba.

Sitaki nikipambe kupita kiasi. Miaka michache baadaye mmoja wao alipokea zamu yake, akavuka mpaka, na hatukumwona tena. Upatu hauna mahakama. Nguvu yake ni aibu tu, na aibu haivuki mpaka.

Baada ya hapo majina yalianza kubadilika haraka. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na mwaka 1985 Mzee Mwinyi akashika nchi, wakati tulioupa jina la ruksa. Mke wangu akapata leseni ya nguvu kazi. Jina hilo lilitokana na sheria ya mwaka 1983 iliyotaka kila mwenye nguvu awe na kazi inayotambulika. Basi yule aliyekuwa mlanguzi sasa alikuwa nguvu kazi, kwa sabuni ileile. Mwaka 1991 serikali ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu shughuli kama zake, naye akawa sekta isiyo rasmi. Mwaka huohuo sheria mpya ya mabenki ilifungua mlango kwa benki nyingine. Mwaka 1994 ukaanzishwa mfuko wa taifa wa kuendeleza wajasiriamali, nao ukakabidhiwa SIDO. Nikatabasamu niliposikia. Lile shirika la watengenezaji lilikuwa limejifunza, baada ya miaka ishirini na moja, kwamba hata muuzaji anafanya kazi.

Neno mjasiriamali ni zuri. Ni mtu ajasiriye kwa ajili ya mali. Kwa jina hilo milango mingi ilifunguliwa. Zilikuja taasisi za mikopo midogo kama PRIDE Tanzania, zilizokopesha kwa vikundi, watu watano wakidhaminiana. Fikra hiyo si ya jana. Ujerumani, mwaka 1864, Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama cha mikopo cha wanakijiji waliodhaminiana, kwa sababu aliona kwamba jirani anamjua mkopaji kuliko benki inavyomjua. Mwaka 2003 tukapata sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo, na mwaka 2004 sheria ya kuwawezesha wananchi kiuchumi.

Lakini kukopesha kwa kikundi ni kisu chenye makali pande zote. Katika kikundi kimoja cha mke wangu, mwenzao mmoja alifiwa na mumewe. Siku ya tatu baada ya mazishi afisa wa taasisi iliyowakopesha, ambayo sitaitaja, alifika msibani na kadi ya marejesho. Wale wanne walichanga wakalipa, kisha wakakaa chini kuendelea na tanga. Kikundi kiliokoa mkopo, ndiyo. Lakini nilijiuliza ni nani hasa aliyekuwa taasisi ya msaada pale: aliyekuja na kadi, au wale waliofungua vifundo vya kanga zao?

Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Mitaani watu waliviita vitambulisho vya wamachinga, na kwa wengi vilikuwa kinga dhidi ya kufukuzwa. Mwaka huohuo sheria iliziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea mwaka 2024. Na Oktoba 2019 Marais Magufuli na Lungu walifungua pale mpakani kituo cha kutoa huduma kwa pamoja, ili lori lisikaguliwe mara mbili.

Hayo yote ni mema, nami sitaki kuwa mzee wa kulalamika. Lakini naona pia, kando ya milango hiyo yenye majina mazuri, wakopeshaji wa mtaani ambao watu wamewaita kausha damu. Wanashamiri kwa sababu moja: hawaulizi jina la kikundi, andiko la mradi wala muhuri wa mtendaji. Wanatoa fedha leo. Mwenye mtoto mgonjwa na mzigo uliokwama mpakani hawezi kusubiri kikao cha robo mwaka. Damu inakauka baadaye, lakini shida ni ya leo. Chombo cha msaada kinachochelewa humpeleka mtu wake kwa mnyonyaji, hata kama riba yake ni sifuri.

Kama ningeulizwa na vijana wanaosomea kuviongoza vyombo hivi, ningewaambia neno moja tu. Kabla ya kumpa mtu jina, kaeni naye sokoni wiki moja. Mwulizeni ananunua lini, anauza lini, msiba ukitokea hufanya nini, na nani humkopesha bila karatasi. Jina lijalo halitamsaidia zaidi ya lililopita kama maswali hayo hayakuulizwa. Mimi nililala naye nyumba moja bila kumwuliza, nikamwita kwa jina nililoletewa katika waraka.

Mke wangu sasa ni mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, vile wanavyoviita VICOBA. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 imevitambua, navyo husajiliwa. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu, ili asiwepo mmoja wa kuvuka nazo mpaka. Ufunguo mmoja anao yeye. Kuna mfuko wa hisa, na kuna mfuko mdogo wa jamii kwa ajili ya mwenye msiba au ugonjwa. Walijifunza.

Alinikuta na mkebe wake magotini, akaniuliza kama stakabadhi nimeipata. Nikamwambia bado. Ndipo nikamwomba radhi kwa ajili ya ile sukari, miaka zaidi ya arobaini baada ya kosa.

"Sukari ilikuwa yangu, Mwalimu," alisema. "Lakini sabuni ilikuwa ya mkopo. Niliilipa."

Hakuwa amewahi kuniambia. Akachukua daftari la kikundi, kwa maana ilikuwa siku yao ya kukutana, na aliponipita nikaona safu za juu: jina, hisa, mkopo, rejesho. Chini ya jina waliandika jina lake.