Kamishna wa Fantasi: Kutoka Kalamu Hadi Seva

Hapa Mji wa Kale mimi ndiye kamishna wa ligi ya fantasi ya barazani kwetu, na kila mara naulizwa: pointi zahesabiwa na kompyuta, sasa kazi yako nini?

Zamani kamishna ndiye aliyekuwa kompyuta. Mwaka 1962 Bill Winkenbach wa Oakland, Marekani, na wenzake walibuni mchezo huu kwa mpira wa Kimarekani (ule wa kushika mkononi!). Pointi walijumlisha kwa kalamu, wakisoma magazeti. Mwaka 1991 Andrew Wainstein akauleta kwenye soka kule Uingereza, na 2002 Ligi Kuu ikafungua mchezo wake kwenye intaneti. Hapo seva ikachukua kalamu.

Kwetu mambo yalinoga baada ya 2009, nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa. Kabla yake tulitegemea setilaiti, ghali na ya polepole.

Lakini seva haiwekeani pesa. Shilingi 500 za kila mtu zaja kwangu kwa M-Pesa mwezi Agosti, nazo zakaa hadi Mei. Msimu mmoja wawili walimaliza sawa kileleni. Mchezo wenyewe humtanguliza aliyefanya uhamisho mchache. Wa pili akataka wagawane, na nusu ya baraza ikamuunga mkono. Nikafungua kanuni tulizokubaliana sote kabla ya msimu: sare huamuliwa na seva. Nikamlipa mshindi palepale, ujumbe wa M-Pesa kila mtu akausoma. Yule wa pili aliondoka bila kumaliza kahawa. Agosti iliyofuata, yeye ndiye aliyelipa kwanza.