Kemia ya Angahewa

Kemia ya angahewa ni tawi la sayansi linalochunguza gesi na chembe zilizomo katika hewa inayoizunguka Dunia: zinatoka wapi, zinabadilikaje zikipigwa na jua au zikikutana, na zinaishia wapi. Neno angahewa limeungwa kwa anga na hewa, na muungano huo una kazi. Anga peke yake huenda mpaka kwenye nyota, na hewa hutosha hata ndani ya puto. Mwendo wa upepo na mvua, kwa upande mwingine, ni shughuli ya meteorolojia.

Katika hewa kavu, naitrojeni ni asilimia 78, oksijeni 21, na aragoni karibu 1. Wanakemia wa angahewa, hata hivyo, hushughulika zaidi na kile kidogo kinachobaki, na ozoni ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Mwaka 1930 Sydney Chapman alieleza inavyoundwa: miale ya urujuanimno huipasua molekuli ya oksijeni, kisha atomu iliyoachwa huru hujishikiza kwenye molekuli nyingine. Mwaka 1970 Paul Crutzen alionyesha kuwa oksidi za naitrojeni huiharibu ozoni hiyo.

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walitoa onyo zito zaidi. Klorofluorokaboni, gesi zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia, zilisifiwa kwa utulivu wake. Kumbe utulivu huo ndio uliozifikisha zikiwa nzima katika stratosfia, tabaka la angahewa lililo juu ya lile tunamoishi. Huko jua kali huzivunja na kuachia klorini. Klorini ni kichocheo: huivunja ozoni, hutoka salama katika mmenyuko, na kurudia kazi hiyo maelfu ya mara. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kuwa ozoni juu ya Antaktika ilikuwa ikipungua mno kila majira ya kuchipua. Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti gesi hizo, ilitiwa saini mwaka 1987, na watatu hao, Crutzen, Molina na Rowland, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1995.

Huko juu ozoni hutukinga na miale ya urujuanimno, lakini karibu na ardhi mambo hugeuka. Ozoni inayozaliwa moshi wa magari unapochomwa na jua, kama Arie Haagen-Smit alivyobaini Los Angeles, huwasha mapafu na kudhuru mimea. Ndiyo maana kipimo cha ozoni hakina maana bila kutaja kimo. Nairobi, kwa mfano, maputo yenye vipima-ozoni hurushwa ili kuipima tangu ardhini hadi ndani ya stratosfia.