Jekyll
Jekyll ni programu huria ya kompyuta inayotumika kutengeneza tovuti. Ilianzishwa mwaka 2008 na Mmarekani Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub. Imeandikwa kwa lugha ya Ruby.

Mwandishi huweka matini yake katika faili za kawaida, mara nyingi kwa mtindo wa Markdown. Jekyll huingiza matini hiyo katika vigezo vyenye sehemu za kudumu, kama vile menyu, kisha hutoa kurasa kamili za HTML katika folda iitwayo "_site".

Folda hiyo huandikwa upya kila tovuti inapotengenezwa. Kwa hiyo masahihisho yaliyofanywa humo hupotea; hufaa kusahihisha faili za asili au kigezo. Kigezo kimoja kikibadilishwa, kurasa zote zinazokitumia hubadilika.